Ukingo Kwanza, Uso Baadaye

Katika mtaa wa Oli mjini Arua, na kutoka hapo kuelekea Koboko, Kiswahili husikika sokoni, karakanani na kwenye vituo vya magari. Hata hivyo, mwanafunzi wa huko akifika kwenye somo la uchoraji kwa kompyuta, ni rahisi kudhani kwamba elimu hiyo haina mizizi kwao wala maneno katika lugha yake. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya kazi moja ya uchoraji huo, yaani kuunda uso kutokana na mistari ya pembeni yake, ili walimu wenzetu waone kwamba dhana hiyo haina msingi.

Tuanze na nyumba ya msonge, ambayo Walugbara na Wakakwa wameijenga tangu zamani. Kabla ya kuezeka, fundi ana vitu viwili tu: duara la ukuta chini, na ncha ya kilele juu. Kutoka duara hadi ncha hulaza makombamoyo yaliyonyooka. Kisha huyazungushia fito, duara juu ya duara, na kuzifunga kwa kamba. Nyasi huja mwisho. Basi paa zima limezaliwa na ukingo mmoja na nukta moja, na makombamoyo pamoja na fito ni wavu unaoshika umbo lake.

Mafundi wa vyombo vya pwani walikabili jambo gumu zaidi, kwa kuwa ubavu wa chombo hupinda huku na huku kwa pamoja. Katika mtepe, mbao zilishonwa kwanza kwa kamba, na mataruma yakatiwa baadaye. Umbo lilikaa katika jicho na mkono wa fundi. Huko Ulaya, waundaji wa meli walichora chombo kwa ukubwa wake kamili juu ya sakafu pana, wakipinda ufito mwembamba na kuukandamiza kwa vipande vya risasi. Ufito ule ulitoa mistari mizuri, lakini nafasi iliyo kati ya mstari na mstari iliachiwa fundi aisawazishe mwenyewe. Watengenezaji wa ndege na magari wakairithi desturi hiyo.

Je, hesabu yaweza kuijaza nafasi ile? Nchini Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960, walipata njia ya kueleza mistari na nyuso za magari kwa nukta chache. Nchini Marekani, Steven Coons wa chuo cha MIT alitoa jibu la swali letu hasa katika taarifa yake ya mwaka 1967. Njia yake yahitaji mistari minne inayokutana kwenye pembe nne. Kwanza, kingo mbili zinazoelekeana huunganishwa kwa mistari iliyonyooka, na uso mmoja hupatikana. Kisha hufanywa vivyo hivyo kwa kingo mbili zilizosalia. Nyuso hizo mbili hujumlishwa. Mwisho hutolewa uso ulioundwa na pembe nne peke yake, kwa kuwa pembe zimehesabiwa mara mbili.

Tutoe mfano wa turubai la harusi. Nguzo nne zina kimo cha mita 2, na kila upande umepinda kama tao lenye mita 3 katikati yake. Kingo mbili za kwanza zinatoa mita 3 kitovuni, na mbili za pili mita 3. Jumla ni 6. Tukitoa 2 za pembe, kitovu kitakuwa na kimo cha mita 4. Hakuna ukingo hata mmoja uliofika mita 4! Kimo hicho hakikupimwa na mtu. Kimetokana na kanuni tu. Fundi mwingine aweza kutaka kitovu cha mita 3 kwa kingo zile zile.

Ni dhahiri basi kwamba kingo hukisia yaliyo ndani, hazithibitishi. Watu wa Koboko wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado ilitolewa Sudani na kutiwa Uganda. Mistari ikachorwa kwenye ramani, na leo Wakakwa wamo Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Aliyeitazama mistari ile peke yake hakuweza kujua nani anaishi ndani yake.

Wanahisabati nao waliuona upungufu huo. William Gordon wa General Motors aliipanua njia ya Coons ili uso upite pia juu ya mistari ya ndani. Na mwaka 1973 yeye na Charles Hall walionyesha jinsi ya kufuma nyavu kwa njia hiyo kwa ajili ya mahesabu ya kihandisi.

Programu ya AutoCAD, iliyotolewa mwaka 1982, ilipata baadaye amri ya kufuma wavu wa Coons. Mchoraji huchagua kingo nne, na ncha zake sharti zigusane. Asipotaja idadi, kila upande hugawanywa mara 6, na wavu huwa na matundu 36. Akiongeza matundu, wavu hulainika, lakini kitovu cha turubai letu hubaki kwenye mita 4. Wingi wa matundu hauleti habari mpya. Iko pia amri inayounganisha kingo mbili kwa mistari iliyonyooka; ukiipa duara na nukta, itakujengea paa la msonge.

Tunapendekeza, kwa hiyo, walimu waanze somo hili kwa maneno tuliyo nayo: ukingo, uso, tao, kitovu, wavu na tundu, na njia mbili za wavu zaweza kuitwa makombamoyo na fito. Kisha wanafunzi wapewe kingo nne na waulizwe, kabla ya kugusa mashine, kimo cha kitovu kitakuwa kipi, na nani amekiamua.