Risasi ya kuwinda: kinachoua ni umbo, si ukubwa

Hapa Lubao ninapoishi, kaunti ya Kakamega, soko letu linajulikana kwa kuuza mbwa, na palipo na mbwa, hadithi za uwindaji hazikosekani. Kenya imepiga marufuku uwindaji wa wanyamapori tangu 1977, na sheria ya 2013 ikalikaza katazo hilo. Hata hivyo ubishi hauishi: ni risasi gani humwangusha mnyama mkubwa? Wengi hujibu, iliyo kubwa kuliko zote. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu naanza kuutoa jirani, Mumias.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Kichwa hicho kwa kawaida hujazwa madini ya risasi, ndiyo maana kitu chote kikaitwa hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya pembe. Wafanyabiashara Waswahili kutoka Pwani walikwisha kuizoea njia hiyo. Hapo ndipo Mskoti W. D. M. Bell alipojiandaa kwa safari za Karamoja, Uganda. Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa gramu 11 tu, ilhali kile cha .470, iliyopendwa na wawindaji wengi, kilifika gramu 32.

Siri ilikuwa wapi? Kichwa cha Bell kilikuwa kirefu, ncha yake ya mviringo, kimefunikwa chuma kigumu. Hakikupasuka wala kupinda ndani ya mfupa. Kilikwenda moja kwa moja. Naye alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo umekaa wapi. Asiye na shabaha hiyo asimwige.

Kwa wanyama wadogo kama swala hesabu hugeuka. Kichwa kigumu hupita na kutoka upande wa pili, mnyama akakimbia na jeraha. Hapo hutakiwa kichwa laini kinachochanua kama uyoga. Vitani vichwa vya namna hiyo vilikatazwa na Azimio la The Hague la 1899, lakini mwindaji huvitumia ili mnyama afe haraka.

Navyo vina kasoro. Kikichanua mapema mno, huvunjikavunjika kabla ya kufika moyoni. Mmarekani John Nosler alikumbana na hilo mwaka 1946 akiwinda Kanada, akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: mbele huchanua, nyuma hubaki kizima.

Joto letu nalo lina neno. Baruti ya kordaiti ya Waingereza iliongeza shinikizo kwenye jua kali, na ganda lililovimba lingeweza kung'ang'ania ndani ya bunduki huku nyati anakuja. Kwa hiyo .416 Rigby ya 1911 ilipewa ganda pana ili shinikizo libaki chini.

Aliyepuuza nafasi ya baruti alijuta. Winchester ilitoa .458 mwaka 1956, ganda fupi lililoshindiliwa baruti. Baadhi ya risasi hizo baruti yake iligandamana, zikatoka bila nguvu. Mwaka 1959 nyati alimjeruhi vibaya Jack Lott huko Msumbiji. Baadaye Lott alirefusha ganda kutoka milimita 63 hadi 71, ikazaliwa .458 Lott.

Siku hizi makosa hayo hutafutwa kiwandani. Mtutu maalumu hupima shinikizo, mitambo hupima mwendo, risasi huwekwa kwenye joto na baridi, kisha hupigwa katika jelatini. Kichwa hutolewa na kupimwa: kimechanua kiasi gani, kimebakiza uzito gani, kimezama wapi? Hiyo ni kazi ya wenye leseni na vifaa. Ya nyumbani hulipuka usoni.

Jaribio moja limechelewa: nini hutokea baada ya mnyama kufa. Vipande vya madini ya risasi hubaki katika matumbo yanayotupwa, tai mzoga wakala sumu. Utafiti wa Botswana uliihusisha sumu iliyokuwa katika damu ya tai hao na uwindaji. Vichwa vya shaba tupu vipo tangu miaka ya 1980, na California imelazimisha risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu 2019.

Tanzania bado inaruhusu uwindaji kwa vibali, na hata Kenya askari wa wanyamapori hulazimika kumpiga nyati anayeua watu. Kwangu mimi, risasi njema ni ile inayoua mara moja, isiyomsaliti mpigaji, na isiyoendelea kuua baada ya bunduki kunyamaza.