Krisarobini: Dawa Iliyotoka Ndani ya Gogo

Krisarobini ni dawa ya ngozi iliyotokana na unga wa mti wa araroba, unaoota katika misitu ya Bahia, Brazili. Unga huo hautoki kwenye majani wala magome. Hujikusanya ndani ya shina, katika mianya ya kiini cha mti, kwa hiyo wavunaji huukata mti, hupasua gogo na kuukwangua unga. Ukiwa mbichi ni wa manjano. Ukipigwa na hewa hukolea hadi kuwa hudhurungi. Vumbi lake huwasha macho, na hapo hakuna aliyejipaka bado.

Wareno waliufikisha India, ukatumika kutibu choa, ukajulikana kama unga wa Goa. Jina lilipotosha, kwani Goa, huko India, palikuwa soko tu. Asili yake ilibainika miaka ya 1870. Wanakemia walidhani kilichomo ni asidi ya krisofaniki, hadi wenzao Liebermann na Seidler walipoonyesha mwaka 1878 kuwa sicho. Jina krisarobini limeunganisha neno la Kigiriki la dhahabu, kwa sababu ya ile rangi, na jina la mti.

Kwa Kiswahili nashauri tulitohoe jina hilo. “Unga wa Goa” tuuache ubaki jina la malighafi. Krisarobini ni kile kinachopatikana unga ukishasafishwa kwa benzini ya moto. Mfamasia anahitaji maneno mawili kwa sababu ana vitu viwili mkononi. Tukitafsiri “dhahabu ya araroba”, mgonjwa ataulizia kwa sonara. Tusiiite kampaundi pia, maana ni mchanganyiko wa kampaundi kadhaa zinazofanana.

Sifa yake kubwa ilitokana na soriasis, ugonjwa wa mabaka mekundu yenye magamba. Daktari Balmanno Squire wa London aliandika kitabu kuhusu marhamu ya dawa hiyo mwaka 1878, akiiita bado kwa lile jina la asidi. Mabaka yalipungua kweli, ila ngozi nzima iliyoyazunguka iliungua, na mashuka yalibaki na madoa yasiyotoka kwa sabuni. Usoni haikufaa kabisa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitengeneza maabarani dawa inayofanana nayo, ditranoli, bila kuhitaji mti. Tofauti yake na sehemu kuu ya krisarobini ni kundi moja tu la methili. Ditranoli nayo huwasha ngozi na kutia madoa, ndiyo maana wagonjwa wengi huelekezwa waipake kwa muda mfupi, kama dakika 30, kisha waioshe.