Wimbo Unaoisukuma Ngano: Howard Ashman, Alan Menken na Sauti ya Nguva

Katika uhakiki wa ngano zilizogeuzwa kuwa filamu za nyimbo, wimbo aghalabu huchukuliwa kuwa pambo, yaani kituo cha kumpumzisha mtazamaji kabla kisa hakijaendelea. Makala haya yanadai kwamba kazi za Howard Ashman (1950–1991), mtunzi wa maneno, na Alan Menken, mtunzi wa muziki, zinalikanusha wazo hilo.

Wawili hao walitokea katika tamthilia za muziki za New York, walikojipatia sifa mwaka 1982 kwa Little Shop of Horrors. Walipoandika nyimbo za The Little Mermaid (1989) kwa ajili ya Disney, walikabiliwa na ngano ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1837, ambamo nguva hutoa sauti yake ili apate miguu. Tatizo la kiutunzi lilikuwa bayana: mhusika mkuu angekuwa bubu kwa sehemu kubwa ya kisa. Ashman alilitatua kwa kanuni ya jukwaani: mhusika aimbe tamanio lake mapema. Hivyo hadhira huizoea sauti ile kabla haijauzwa, na ukimya unaofuata huwa hasara ya kweli. Baada ya onyesho la majaribio, wakuu wa studio walifikiria kuuondoa wimbo huo, hatimaye ulibaki. Bila huo, mapatano ya nguva na mchawi yangekuwa biashara tupu.

Kanuni hii si ngeni katika fasihi simulizi ya Kiswahili. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, kila kijana auapo mnyama humwimbia mama yake kwamba amemuua nunda, naye mama humjibu kwamba siye. Ukiziondoa nyimbo hizo, kisa hukosa ngazi za kupandia. Wimbo wa kijana hupima tendo. Wa nguva hupima tamanio. Yote miwili hubeba kisa.

Mwaka 1990, baada ya kupokea tuzo ya Oscar, Ashman alimfichulia Menken kwamba anaugua UKIMWI. Vikao vya Beauty and the Beast vilihamishiwa karibu na makazi yake, katika jimbo la New York. Alifariki Machi 1991, filamu ikiwa haijakamilika. Baadhi ya wahakiki wameusoma wimbo wa umati unaokwenda kumuua mnyama kuwa istiara ya jamii iliyowaogopa wagonjwa. Umati huo haumo katika ngano ya Leprince de Beaumont (1756). Kwa hiyo ni ubunifu wa filamu wenye kustahili kufasiriwa. Hata hivyo, filamu ni kazi ya mikono mingi, na ugonjwa wa mtunzi mmoja hautoshi kuwa ithibati ya maana yake. Usomaji huo usimame juu ya matini kwanza, wasifu ufuate.

Ngano hurithiwa bila kuulizwa mwenyewe. Wimbo unaoigeuza una mtunzi, na historia ya fasihi inawajibika kumtaja.