Safari za angani za nishati ndogo

Safari ya nishati ndogo ni namna ya kupeleka chombo cha angani kwa kutumia graviti ya magimba mawili au zaidi, badala ya kutegemea nguvu ya injini pekee. Chombo hupitishwa karibu na nukta za Lagrange, ambako graviti za magimba mawili na mwendo wa kuzunguka hulingana. Kinachookolewa ni fueli, kinacholipwa ni muda: safari ya Mwezini iliyowachukua wanaanga wa Apollo siku tatu hivi huchukua miezi mitatu au zaidi.

Nukta za Lagrange

Nukta hizo ni tano, nazo huitwa L1 hadi L5. Tatu zilizo kwenye mstari mmoja na magimba yote mawili zilitambuliwa na Leonhard Euler. Joseph-Louis Lagrange aliongeza mbili nyingine katika andiko lake la mwaka 1772. Kwa Jua na Dunia, L1 na L2 ziko takriban kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia, L1 ikiwa upande wa Jua na L2 upande wa pili.

Wanafunzi wengi hudhani L1 ni mahali ambapo Jua na Dunia huvuta kwa nguvu sawa. Sivyo. Mahali hapo pako takriban kilomita 260,000 tu kutoka Dunia, yaani karibu nasi kuliko Mwezi. Kwenye L1 Jua bado huvuta kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa kawaida gimba lililo karibu na Jua kuliko Dunia hulizunguka kwa muda usiofika mwaka. Lakini Dunia ikilivuta kwa nyuma, mvuto wa Jua hupungua kiasi cha kulifanya gimba hilo lizunguke kwa mwaka mmoja, sambamba na Dunia.

L1, L2 na L3 si imara. Chombo kilichoko hapo ni kama mpira uliowekwa juu ya mgongo wa kilima: ukiguswa kidogo huteremka bonde hili au lile. Udhaifu huo ndio unaotumika katika safari hizi, kwa kuwa msukumo mdogo wa injini hubadilisha njia nzima. Chombo cha kwanza kuzunguka nukta ya Lagrange kilikuwa ISEE-3 cha mwaka 1978, kwenye L1. Baadaye kiliondolewa hapo, kikapitishwa mara kadhaa karibu na Mwezi, na mwaka 1985 kikapita kwenye mkia wa nyotamkia Giacobini-Zinner, kazi ambayo hakikuundwa kuifanya.

Hiten

Mfano unaojulikana zaidi ni Hiten, chombo cha Japani kilichorushwa Januari 1990. Kilibeba chombo kidogo, Hagoromo, kilichotakiwa kuzunguka Mwezi, lakini redio ya Hagoromo iliharibika. Hiten yenyewe haikuwa na fueli ya kutosha kuingia kwenye obiti ya Mwezi kwa njia ya kawaida, kwa sababu chombo kinachokwenda moja kwa moja hufika kwa kasi kubwa na lazima kifunge breki kwa injini.

Edward Belbruno na James Miller, waliokuwa Marekani, walipendekeza njia nyingine. Hiten ipelekwe mbali, zaidi ya kilomita milioni moja kutoka Dunia, ambako graviti ya Jua ingeivuta na kubadilisha obiti yake. Ikirudi ingefika Mwezini kwa kasi iliyokaribiana na ya Mwezi wenyewe, na Mwezi ungeishika bila breki. Hesabu zilikubali: Hiten ilishikwa kwa muda tarehe 2 Oktoba 1991. Baadaye ilipita L4 na L5 za Dunia na Mwezi ikitafuta vumbi, na Aprili 1993 iliangushwa Mwezini kwa makusudi.

Matumizi na mipaka

Vyombo viwili vya GRAIL vya Marekani (2011) na Danuri cha Korea Kusini (2022) vilifuata njia za namna hiyo hadi Mwezini. GRAIL ilitumia miezi mitatu na nusu hivi, na Danuri zaidi ya minne.

Mara nyingine njia hizi huitwa "barabara kuu za angani", jina linalopotosha kidogo. Sehemu kubwa ya fueli hutumika katika kuondoka Duniani, na hapo nukta za Lagrange hazisaidii. Tena chombo kilichoshikwa bila breki kinaweza kuponyoka vilevile, hivyo injini huwashwa kidogo ili kikae. Kwa vyombo vyenye watu, miezi ya ziada ni chakula, hewa na mnururisho zaidi.