Maksai, Mafuta na Umeme

Historia ya vyombo vya safari ni historia ya malisho yake. Huko Susuni, wilayani Tarime, maksai akokotaye plau au mkokoteni hula majani ya kijiji kile kile alimamo. Pikipiki ya bodaboda hunywa mafuta yatokayo ng'ambo. Bei ikipanda Uarabuni, nauli hupanda Susuni.

Umeme waelekea kuyarudisha malisho nyumbani. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954 katika mto Nile. Mwaka 2011 walimu na wanafunzi wa Makerere wakatoa Kiira EV, gari la watu wawili liendalo kwa umeme. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, lenye mabamba ya kupokea nguvu za jua paani. Sisi nasi tuna bwawa la Mwalimu Nyerere mtoni Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024.

Lakini hatamu je? Maksai aliyezoea njia hurudi zizini bila mchungaji, na bado ni mali ya mwenyewe. Gari lijiendeshalo, lililounganishwa na mitambo ya mbali, laweza kusimamishwa na mtu asiyepata kuonekana kijijini. Swali hilo Makerere hawakulazimika kulijibu: Kiira lilikuwa na dereva.