Grisi ya Kigoma na kompyuta za vyombo vya safari

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya ufundi, lakini tutaipitia katika historia, kwa sababu huko ndiko liliko funzo tunalolihitaji leo. Vyombo vipya vya safari vimejaa kompyuta. Meli mpya, basi jipya, kichwa cha treni, hata lile tela lenye vitanda na jiko ambalo watalii hulikokota nyuma ya gari lao, vyote vinaongozwa na kisanduku cha umeme ambacho abiria hakioni. Kisanduku hicho kikigoma, chombo kizima husimama, hata kama injini ni nzima na tangi limejaa mafuta. Swali langu ni hili: kikigoma Kigoma, mbali na kiwanda na mbali na aliyekitengeneza, nani atakifungua?

Mwambao wa Ziwa Tanganyika unalifahamu swali hilo tangu zamani. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya mvuke yenye urefu wa mita zipatazo 70. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la aliyekuwa gavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg waliletwa kuiunga upya. Mkuu wao alikuwa Anton Rüter. Vitabu huwataja hao watatu kwa majina. Lakini waliobeba mabamba ya chuma, waliochochea moto na kugonga ribiti kutwa juani walikuwa Waafrika na Wahindi, na majina yao hatuyasikii. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini.

Sasa tuangalie jinsi meli ya namna ile ilivyoongozwa, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika meli za mvuke za enzi zile nahodha hakuigusa injini. Alikuwa juu, kwenye usukani, na mbele yake palikuwa na mkono wa chuma juu ya kisahani kilichoandikwa amri: mbele polepole, mbele kasi, simama, nyuma. Akiusogeza mkono ule, waya au mnyororo ulivuta mshale mwingine kule chini katika chumba cha mitambo, na kengele ikalia. Fundi wa mitambo alijibu kwa kusogeza mkono wake mpaka mishale miwili ilingane, ndipo akafungua au akafunga mvuke kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa mishipa ya fahamu ya meli. Ikitokea hitilafu, jicho liliiona na sikio likaisikia. Waya ukikatika, unauona umelegea. Mvuke ukivuja, unapiga mluzi. Bomba likiziba, joto linakwambia.

Ufundi wa namna hiyo haukuwa mgeni kwa watu wa ziwani. Fundi mashua wa Ujiji, chombo kikiletwa kwake kinavuja, hukivuta mchangani, akapita na kidole juu ya kila ungio la mbao, akaona panapolia maji, akapatia kalafati. Ufundi wake unaanza na kuona. Ndiyo maana mwenyeji aliyeingia chumba cha mitambo kama mchukuzi wa kuni angeweza, baada ya miaka, kuijua injini kama anavyojua njia ya nyumbani kwake. Mtambo haukumficha kitu.

Turudi vitani. Katikati ya mwaka 1916 ndege za Wabelgiji ziliishambulia bandari ya Kigoma, na majeshi yalikuwa yakikaribia kwa nchi kavu. Wajerumani wakaamua kuizamisha meli yao wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Tarehe 26 Julai 1916 ilizamishwa. Lakini sikilizeni walivyoizamisha. Mafundi walewale walioiunga waliipaka mitambo yote grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaiteremsha chini taratibu, si mbali na mlango wa mto Malagarasi. Waliizamisha kama mtu anayefunga nyumba akijua kwamba ipo siku mlango utafunguliwa.

Walitumaini kwamba watakaofungua watakuwa Wajerumani. Haikuwa hivyo. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Kisha Waingereza, waliokabidhiwa nchi hii baada ya vita, waliiibua tarehe 16 Machi 1924. Mitambo ikakutwa bado inafaa, kwa sababu ya ile grisi. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilianza kazi tena kwa jina jipya, Liemba, ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 likitumiwa na wenyeji wa upande wa kusini kuliita ziwa lao.

Mimi nasema grisi ile ilikuwa zaidi ya mafuta. Ilikuwa barua. Fundi mmoja alimwandikia fundi mwingine, asiyemjua na ambaye angeweza hata kuwa adui yake, akamwambia: nimekuachia kitu kinachofunguka. Bila barua hiyo, Kigoma isingekuwa na Liemba.

Tangu hapo meli ile imebadilishwa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, dizeli ikaingia. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, ilikarabatiwa tena na kufungwa injini mpya. Kila badiliko lilileta nguvu na unafuu. Hakuna anayetamani kurudi kwenye kuni. Lakini kila badiliko liliuweka ufundi mbali kidogo zaidi na macho. Dizeli haipigi mluzi kama mvuke. Na kompyuta ndiyo kabisa, haitoi moshi wala haivuji.

Pengine mkazi wa mjini ataniuliza, haya yananihusu nini? Yanahusu roho za watu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 650. Ukishuka mwambao kutoka Kigoma kwenda Karema, Kirando, Kipili, Wampembe hadi Kasanga, na kisha Mpulungu upande wa Zambia, utapita vijiji vingi ambavyo havina gati. Huko meli ilisimama majini, mitumbwi na boti zikaja ubavuni, watu na magunia ya dagaa wakapandishwa usiku kwa usiku. Mgonjwa, mwanafunzi, mama mjamzito na mfanyabiashara, wote walingojea honi ileile. Mwaka 1997 Liemba ilitumiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kuwarudisha makwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Kongo. Mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walipojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikazuka, meli hiyohiyo ilikwenda kuwachukua kwa mamia na kuwaleta Kigoma. Ilikuwa imepita miaka mia moja na zaidi kidogo tangu iliposhushwa majini.

Meli kubwa ikisimama, watu hawaachi kusafiri. Wanapanda boti za mbao zenye mashine ya nyuma, zimejaa pomoni, katika ziwa ambalo upepo wake hauna adabu. Kwa hiyo hitilafu isiyopatiwa ufumbuzi katika chumba cha mitambo haibaki humo. Inakwenda kuonekana ufukweni, pale watu wanapolilia ndugu zao.

Sasa tuje kwenye visanduku vya leo. Kazi yake si uchawi. Vipo vipima-hali, ambavyo mafundi wa gereji huviita sensa, vinavyopeleka habari za joto, mgandamizo wa mafuta, kasi na kina cha maji tangini. Kisanduku huzisoma habari hizo, kikafuata programu iliyoandikwa ndani yake, kisha kikatoa amri: ongeza mafuta, washa pampu, zima injini. Katika tela la watalii amri hizo ni za taa, friji na pampu ya maji. Katika meli ni za mitambo yenyewe. Tofauti ni ukubwa, mantiki ni moja.

Na mantiki ya kutafuta hitilafu nayo ni moja. Fundi mzuri hakimbilii kompyuta. Huanza na umeme unaoilisha. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma takriban 12.6. Ikiwa dhaifu, wakati wa kuwasha injini volti huanguka, kompyuta ikazimika kwa nukta moja na kuamka ikilalamikia mambo ambayo hayapo. Basi hupima volti palepale kwenye kisanduku, vifaa vikiwa vinafanya kazi, si kwenye betri peke yake. Kisha hutazama fyuzi. Kisha waya wa ethi, ule unaorudi kwenye chasisi au bodi, maana hapo kutu hujificha. Kisha maungio ya waya, ambayo mtikisiko huyalegeza na unyevu wa ziwani huyaotesha ukungu wa kijani.

Baada ya hapo ndipo husoma namba ya hitilafu. Na namba hiyo haisemi ni kifaa gani kimekufa. Inasema ni njia ipi yenye mashaka. Kompyuta ikilia kwamba joto limezidi, huenda injini imechemka kweli, huenda pia waya wa kipima-joto umeharibiwa na panya. Asiyejua hayo hununua kifaa kipya cha mamilioni, akakifunga, na tatizo likabaki palepale.

Kubadilisha programu huja mwisho, na kuna miiko yake. Weka kwanza nakala ya programu ya zamani. Andika kwenye daftari vipimo vyote vilivyokuwamo. Unganisha chaja, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kisanduku kinaweza kuwa jiwe. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ili ujue lipi limeponya na lipi limeharibu. Jaribu chombo kikiwa kimefungwa gatini, kamwe usijaribu abiria wakiwa ndani. Fundi mashua wa Ujiji asingekipeleka chombo katikati ya ziwa ili akaone kama kalafati imeshika.

Haya yote yanafundishika. Vijana wa Kigoma wanaofufua simu na redio kwenye vibanda vya mitaani wana akili na mikono ya kazi hii. Kinachowazuia ni mlango uliofungwa. Chombo kinaletwa, mchoro wa nyaya umebaki kiwandani. Neno la siri la kuingilia kompyuta analo mtaalamu aliyekwisha kupanda ndege. Programu ya kusomea hitilafu inauzwa kwa wakala tu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tumefika mahali ambapo tunakilalia kitanda, kunguni wanatuuma, na bado hatuna ruhusa ya kuinua godoro.

Baada ya Liemba kusimama kazi mwishoni mwa miaka ya 2010, Serikali iliingia tena katika mipango ya kuikarabati. Huko Mwanza, mwezi Februari 2023, ilishushwa majini meli kubwa mpya iliyojengwa na kampuni ya Korea Kusini. Fedha inayokwenda huko ni ya umma, na ni halali iende. Ninachotaka ni kwamba mikataba ya namna hii, ya meli, ya treni na ya mabasi, iwe na kifungu kinachosomeka wazi. Michoro yote ikabidhiwe na kubaki bandarini, si wizarani peke yake. Kila waya uwe na lebo yake. Maneno ya siri na nakala za programu ziwekwe mahali pa salama, chini ya mikono miwili. Mafundi wetu washike bisibisi tangu siku ya kwanza, si kusimama pembeni wakati mgeni akifanya kazi. Na ugomvi wa malipo usimpe mtu yeyote uwezo wa kuizima meli akiwa ughaibuni.

Gharama ya kifungu hicho ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya meli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumejenga kuta nyingi kwa bei ya juu. Wale mafundi wa mwaka 1916 walikuwa wakikimbia vita, wakiacha mali waliyoiunga kwa jasho, na bado walipata muda wa kupaka grisi. Anayetuuzia chombo leo hakimbizwi na mtu. Anao muda, analipwa, na anakunywa chai yetu. Tumwambie kabla hatujatia sahihi: grisi yako iko wapi?