Kipindupindu na Njia za Safari: Neno na Historia Yake katika Ufuko wa Tanganyika

Asimamaye katika rasi ya Bangwe ana bandari ya Kigoma upande mmoja, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, na upande wa pili njia iendayo Ujiji, mji ambao misafara ya karne ya 19 ilipumzika kabla ya kuvuka ziwa kwenda Manyema. Pembe, nguo, chumvi, watumwa, na hata lugha yetu ya Kiswahili, vyote vilipita hapa. Maradhi nayo yalipita. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi historia ya maradhi ya matumbo katika ufuko huu inavyoweza kumsaidia mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuchagua neno lifaalo. Maana katika jambo hili neno lisilofaa laweza kugharimu uhai.

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili kina maneno mawili ya maradhi haya. La kwanza ni waba, lililotoka katika Kiarabu, ambako lilitaja kwa ujumla maradhi yaenezayo mauti. La pili ni kipindupindu, neno lenye shina lililorudiwa, ambalo ni rahisi kulihusisha na vitenzi pinda na pindua. Waba humwambia msikilizaji kwamba balaa limeingia mjini. Kipindupindu humwonyesha mgonjwa mwenyewe: aliyekuwa mzima asubuhi, jioni amekwisha kupinduka, misuli imekakamaa, maji yote yamemtoka. Si ajabu kwamba neno hili la pili ndilo lililoshinda katika matumizi. Hata hivyo, yapasa tukumbuke kwamba linataja dalili tu. Halisemi maradhi yametoka wapi wala yanapitia wapi.

Swali hilo la njia lilimshughulisha sana James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja katika miaka ya 1860 na 1870. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia tena katika pwani yetu. Christie hakuridhika na dhana kwamba maradhi yaliletwa na hewa mbaya. Aliwauliza wafanyabiashara na wasafiri, akaunganisha habari zao, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876 akaonyesha kwamba maradhi yalitoka upande wa Bahari ya Shamu, yakapita nchi ya Wamasai hadi Pangani, yakafika Unguja. Kisha yakafuata misafara ya bara hadi Ujiji na Manyema. Kwa maneno mengine, ramani ya maradhi ilikuwa ndiyo ramani ya biashara, na waliomwezesha kuichora walikuwa watu wa nchi hizi waliozijua njia zao.

Wakati huo chanzo chenyewe kilikuwa bado kinabishaniwa. John Snow alikwisha kuonyesha huko London mwaka 1854 kwamba maradhi hufuata maji ya kunywa. Mwaka huohuo Filippo Pacini wa Italia alikiona kijidudu chake kwa hadubini, lakini hakusikilizwa. Ni Robert Koch, aliyefanya uchunguzi Misri na India katika miaka ya 1883 na 1884, aliyewafanya wataalamu wengi wakubali. Tangu hapo tunajua kwamba bakteria wa kipindupindu hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mtu mwingine kwa maji, chakula au mikono. Msafiri humchukua bakteria huyo. Maji machafu ndiyo humpokea na kumgawa.

Wimbi la saba la kipindupindu duniani lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na Tanzania mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1973, taifa lilikuwa limeendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, vitabu na vikundi vya kujisomea, ambamo watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa maradhi yaliyofundishwa, na vyoo vingi vilichimbwa. Kampeni hiyo ilithibitisha kwamba elimu ya afya hueleweka ikisemwa kwa Kiswahili cha watu. Hata hivyo, kipindupindu kilienea sana nchini katika miaka ya 1977 na 1978, na mwaka 1978 nchi jirani za ufuko wa Tanganyika nazo zilipatwa.

Tukio lililo karibu zaidi na Bangwe ni la mwaka 2015. Maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa baina ya milima na ziwa. Meli ya MV Liemba, ambayo iliundiwa Ujerumani mwaka 1913, iliwachukua kwa zamu hadi Kigoma. Kabla ya mwisho wa Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo Watanzania 2.

Hapo ndipo sisi wa istilahi tunapopimwa. Kuyaita maradhi hayo “ugonjwa wa wakimbizi” ni kosa la maana kabla ya kuwa kosa la adabu. Utafiti uliofanywa Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa takwimu za 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, wagonjwa wanaolazwa kwa kuhara huongezeka katika siku zinazofuata. Watu hao hawakuwa wamesafiri. Maji yao ndiyo yaliyokoma.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, tutenganishe kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu, wala tusiyafunike yote kwa jina la “tumbo”. Mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa aweza kufa kwa saa chache, na akiwahi kurudishiwa maji mwilini karibu daima hupona; tangazo lenye neno legevu humchelewesha. Pili, maradhi yanapozuka ghafla tuseme mkurupuko, na mlipuko tuuachie baruti. Tatu, badala ya “maradhi ya wasafiri” tuseme maradhi yafuatayo safari, ili lawama isimwangukie apitaye njiani.

Kila tangazo libandikwalo katika mwalo wa Kibirizi au sokoni Ujiji nalo li safarini. Tulitazame vema kabla halijaondoka mikononi mwetu.